Tujifunze Maafa Pale Yalipotokea

Wananchi wa Karatu na Ngorongoro hawana haja ya kuelezwa na mtu maana ya mvua kubwa. Mvua za El Nino za 1997 waliziona, na zile zilizoanza katika vuli ya 2023 zikaendelea hadi masika ya 2024 wameziona vile vile. Barabara zilikatika, mashamba ya miteremkoni yalichubuliwa udongo, na makorongo ambayo mzee aliyavuka kwa hatua moja alipokuwa kijana sasa yataka daraja. Nasi twauliza: makovu hayo tumeyafanyia nini? Desturi yetu ni moja. Greda huja, hufukia, huondoka; kisha twasahau mpaka mvua nyingine.

Gazeti hili halipingi kufukia barabara. Bila barabara hakuna mgeni afikaye Kreta, wala gunia la vitunguu litokalo Mang'ola. Tunalolipinga ni kufukia na somo lenyewe.

Nchi hiyo yote imo katika Jiopaki ya Ngorongoro Lengai, iliyotambuliwa na UNESCO mwezi Aprili 2018, ya kwanza kusini mwa Sahara, nayo yaenea katika wilaya za Karatu, Ngorongoro na Monduli. Wengi walishangilia heshima hiyo wakidhani ni kibao kingine cha kuwavutia watalii. Sivyo hata kidogo. Miongoni mwa kazi zipasazo jiopaki yo yote duniani ni kuwafundisha wenyeji hatari za ardhi wanayoikalia: matetemeko, volkano, mafuriko na maporomoko. Kila baada ya miaka minne wakaguzi huja kutazama kama kazi inafanyika. Ingekuwa aibu wakute kwamba mgeni kutoka Ulaya amejua habari za miamba ya Oldonyo Lengai kuliko mtoto wa Engaresero anayelala chini ya mlima huo.

Kwamba jambo hili ni la uhai na mauti, Katesh imekwisha kutuonyesha. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikawashukia watu, wakafa zaidi ya 80. Walikuwako waliodhani volkano ya kale imeamka, hata ikabidi wataalamu waeleze kwamba kilichoushusha mlima kilikuwa maji wala si moto. Hanang haumo katika jiopaki, lakini asili yake na ya milima ya Ngorongoro ni moja. Mtu asiyejua kama adui yake ni moto ama ni maji, atakimbilia wapi? Na mwezi Aprili 2024, mjini Arusha, gari la shule lilisombwa na maji katika korongo, watoto wakapotea. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza mapema, kabla ya vuli ya 2023, kwamba mvua zitazidi kiasi. Habari ilifika, elimu ya kuitumia habari hiyo ndiyo iliyokuwa haba.

Basi walimu wa Karatu wawatoe watoto darasani, wawapeleke kwenye korongo lililo jirani na shule, maji yakiwa yamekauka. Wapime upana wake kwa kamba kabla ya masika na baada yake, waandike katika daftari lisilotupwa mwaka ukiisha. Wawaulize wazee maji yalifika wapi wakati wa El Nino ile ya kwanza. Hapo mtoto atafahamu kwamba udongo ule wa majivu ya volkano, unaostawisha ngano na kahawa, ndio huo huo uchukuliwao upesi ukiachwa uchi, ukaenda kujaza Ziwa Eyasi na Ziwa Manyara. Waongozaji wa watalii, ambao midomo yao haichoki mbele ya wageni, wagawe siku moja kwa shule za vijiji. Tukiambiwa hakuna fedha, tutajibu kwamba kamba na daftari havijapata kuifilisi serikali yo yote.

Lakini tunaonya. Elimu hii isiletwe kwa amri ya bwana mkubwa. Wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta milimani, na 1955 watu wakakataa kwa ghasia. Hawakukataa kwa sababu walichukia udongo wao. Wairaqw, huko kwao kwa kale Mbulu, walijua kuzuia udongo wa miteremko bila kufundishwa na bwana shamba. Ofisa afikaye na kusema, 'Hameni mkondoni,' asiseme wahamie wapi, hajafundisha kitu. Ameondoka na imani ya watu tu.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji. Tunataka kamati hizo zikutane kabla ya maiti kuhesabiwa. Masika huanza Machi. Ifikapo Februari kila kamati yenye korongo katika mipaka yake iwe imepigilia nguzo yenye alama nyekundu katika kila kivuko cha watoto, ikubaliane ni nani atakayesimama hapo maji yakiifikia alama, na mwalimu mkuu awe mjumbe wa kikao hicho.