TUNUNUE SPANA ZA KWELI

Ndugu wanaushirika,

Mwezi uliopita mashine yetu ya kusaga ililala siku sita. Injini haikufa, wala mafuta hayakuisha. Ni nati moja tu. Akina mama wakabeba mahindi kichwani, wakashuka bonde na kupanda mlima wa pili kwenda kusaga kwa watu. Siku zote hizo mfuko wa ushirika haukuingiza hata shilingi.

Jamani, tusitafute mchawi. Kosa ni letu sisi viongozi, na mimi katibu nimo. Mwaka jana tulipotumwa mjini Morogoro kununua vifaa, tulichagua seti ya spana inayong'aa, ya bei nafuu, tukarudi tunajisifu kuwa tumeokoa fedha. Fundi alizitazama akanyamaza. Ilifaa tumwulize alinyamazia nini.

Injini yetu ni Lister ya zamani, kazi ya Waingereza. Nati zake si za milimita. Ni za kipimo cha Whitworth, ambacho Mwingereza Joseph Whitworth alikitoa mwaka 1841. Spana ya nati ile imeandikwa 1/2 W, na namba hiyo ni unene wa bolti, si upana wa mdomo wa spana. Mdomo wenyewe ukiupima unapata kama milimita 23.4. Basi angalieni: spana namba 23 haiingii, na namba 24 inaingia lakini inacheza. Ikicheza inakula pembe za nati. Ukiongeza nguvu, nati inakuwa duara kama punje ya njegere, hapo tena hakuna spana ya kuishika, ni tindo na nyundo. Ndivyo ilivyotupata. Na ile spana ya kufungua na kufunga mdomo, ambayo vijana wanaiita jina nisiloweza kuliandika hapa ukutani, nayo ni hivyo hivyo: mdomo hulegea.

Spana za Whitworth siku hizi haziko kila duka. Fundi kazikosa Morogoro, kazikuta Gerezani, Dar es Salaam. Ni kuukuu, zina kutu, lakini chuma chake kigumu. Nne tu bei yake inazidi seti yetu nzima. Najua wengine watapiga kelele. Nawauliza: jembe bovu unalinunua kwa sababu ni rahisi? Hulinunui, maana unaijua miteremko yetu ya Mgeta na mawe yake. Basi spana nayo ni jembe la fundi.

Sisemi tununue kila kitu cha ghali. Nyundo na bisibisi za kawaida zinatosha. Tulipe zaidi kwa vitu viwili tu:

1. Spana za Whitworth za nati za injini.
2. Chombo cha kuvutia kabari ya flaiwili. Kabari ile ikipigwa ovyo inakatika kichwa, na kuitoa baada ya hapo ni balaa.

Halafu vitunzwe. Liwepo sanduku, kufuli na daftari. Mimi nilijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la kisomo, kwa hiyo asije mtu kuniambia kuandika jina lake ni kazi ngumu. Spana ikitoka, iandikwe nani kaichukua na lini. Isiporudi, aliyeichukua alipe. Hata mwenyekiti. Hata mimi.

Mkutano ni Jumapili baada ya misa. Njooni mbishe, lakini tukiondoka tuwe tumekata shauri. Wazee walisema rahisi ni ghali. Sisi tumeilipa bei hiyo kwa siku sita za vichwa vya mama zetu.

Katibu