Laini ya Simu Iliyobaki Nyumbani



Ijumaa iliyopita, watu walipokwisha kutawanyika baada ya swala, alinijia ofisini mzee mmoja wa msikiti wetu akiwa ameshika simu ndogo ya vitufe. Akaiweka mezani, akasema, "Katibu, hiki ndicho kilichowagombanisha wanangu wawili."

Binti yake anafanya kazi Maskati, mwaka wa nne sasa. Siku alipoondoka alimwachia kaka yake laini yake ya simu ya hapa Tanzania, kwa sababu laini hiyo ndiyo iliyounganishwa na akaunti yake ya benki. Kila fedha zinapotakiwa kutoka, benki hutuma kwenye laini hiyo namba ya kutumika mara moja tu. Akamwachia pia namba yake ya siri, "ili nisikusumbue usiku." Kila mwisho wa mwezi dada alikwenda katika duka la kutuma fedha kule Maskati, akalipa kwa reali, na shilingi zikaingia katika akaunti yake huku. Kaka alikuwa akizitoa kwa ajili ya ujenzi wa nyumba ya dada.

Miezi miwili iliyopita dada aliomba taarifa ya akaunti. Alichokiona hakikulingana na hesabu aliyokuwa nayo kichwani. Kaka anasema alinunua saruji na mabati, akamlipa fundi, na shangazi yao alipolazwa hospitali alichukua humo humo, kwani angefanya nini? Dada anasema ujenzi aliuruhusu, hospitali hakuulizwa, na kuna kiasi kingine ambacho hakuna anayekijua. Karatasi hakuna hata moja. Sasa hawasalimiani, na mama yao ndiye anayelia.

Ndugu msomaji, si kazi yangu kumhukumu mmoja wao. Suala lipo mbele ya imamu na wazee kwa ajili ya sulhu. Ninalotaka kulizungumza ni kile kilichokabidhiwa siku ile ya safari. Mbele ya macho ya familia ilikuwa ni laini ya simu tu. Mbele ya sheria yetu zilikuwa ni hukumu tatu zilizofungwa katika fundo moja bila kutajwa hata moja.

Ya kwanza ni amana. Fedha zilizokaa katika akaunti zilikuwa mali ya dada, na kaka alikuwa mlinzi. Mlinzi wa amana halipi kilichopotea ikiwa hakuvuka mpaka wala hakuzembea. Akikitumia bila idhini, dhamana inamwangukia. Ya pili ni wakala. Alipoambiwa ajenge, akawa wakili katika kununua na kulipa, na wakili hutenda ndani ya mpaka wa idhini aliyopewa. Fedha za saruji zimo ndani ya mpaka huo. Fedha za hospitali hazimo, hata kama nia ilikuwa njema na shangazi ni wa wote wawili. Hizo zikaingia katika hukumu ya tatu: kaka alizichukua, basi ni deni juu yake, isipokuwa dada atakaporidhia na kusamehe. Na kuridhia huko ni hiari ya mwenye mali. Si haki kumwambia, kama nilivyosikia mmoja wa jamaa akimwambia kwenye simu, "Wewe uko Uarabuni, unahesabu vijisenti?" Mwanamke anayeamka kabla ya alfajiri katika nyumba ya watu ana haki ya kuhesabu.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandika deni na kushuhudisha. Tunaisoma kila Ramadhani, kisha tunaona aibu kumwomba ndugu karatasi.

Kuna na upande wa dunia. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Kila kinachofanyika katika laini ile kinahesabiwa kuwa umekifanya wewe uliyeisajili, hata kama uko ng'ambo ya bahari. Na mwenye kumpa mwingine namba yake ya siri amevunja sharti alilolitia saini benki. Fedha zikipotea, benki itamwonyesha saini yake mwenyewe. Dada huyu hana pa kushitaki isipokuwa nyumbani kwao.

Anayejiandaa kusafiri basi aende benki mwenyewe kabla ya siku ya ndege, si baada yake. Aulize kama namba ya simu iliyo katika akaunti yake inaweza kubadilishwa akiwa nje, na kama uthibitisho unaweza kufanyika ndani ya programu ya benki badala ya ujumbe wa simu. Simu nyingi za leo zina nafasi ya laini mbili. Laini ya nyumbani isafiri naye, ikiwa imewashwa huduma ya kutumika nje ya nchi, na iwekwe salio mara kwa mara, kwani laini iliyolala muda mrefu hufungwa na kampuni, na baadaye namba hiyo inaweza kupewa mtu mwingine. Ikiwa kuna ujenzi, fedha za ujenzi zitumwe kwa kaka katika akaunti yake yeye, kwa mafungu, kila fungu na kazi yake: hili la msingi, hili la bati. Fungu la pili lisitoke kabla ya risiti za la kwanza. Ndugu mwaminifu hatachukia. Risiti zinamlinda yeye kabla ya kumlinda mwenye fedha.

Aidha, watu wetu wa Ghuba hutazama ada ya kutuma peke yake. Wanasema, "Duka lile linakata reali moja, hili halikati kitu." Reali ya Omani imefungwa na dola ya Marekani, na tangu mwaka 1986 kiwango chake ni reali moja kwa takriban dola 2.60, kwa hiyo kinachopanda na kushuka ni upande wa shilingi yetu, na humo ndimo duka lisilokata kitu linapochukua chake. Tuseme kwa mfano duka moja linabadili reali kwa shilingi 6,400 na jingine kwa shilingi 6,250. Kwa reali 100 tofauti ni shilingi 15,000. Ulizeni swali moja tu: nikikupa reali hizi, nyumbani zitapokewa shilingi ngapi kamili? Faida ya duka katika ubadilishaji si haramu kwa yenyewe, lakini ni fedha yako, ijue.

Sasa nije kwa vijana, maana barua mbili nilizopokea mwezi huu zinahusu PayPal. Kijana mmoja wa Mombasa anasoma Istanbul, na kwa saa zake za usiku anawafanyia watu wa Ulaya kazi za uchoraji wa kompyuta. Wanamlipa kwa PayPal. Lakini PayPal ilisitisha huduma zake Uturuki Juni 2016 baada ya kunyimwa leseni na mamlaka za huko, hivyo akaunti anayotumia ni ile aliyoifungua Kenya, ambako tangu 2018 fedha za PayPal zinaweza kuhamishwa hadi M-Pesa. Kwa hiyo malipo yake hutua katika simu kwa shilingi za Kenya, naye anakula na kulala kwa lira. Afanyeje? Anaye rafiki Mkenya anayepata posho ya lira na anayetaka kumtumia mama yake shilingi. Wanabadilishana: huyu anamtumia yule mama shilingi kwa M-Pesa, yule anampa huyu lira. Anauliza, je, ni halali?

Jibu lake limo katika neno moja, nalo ni wakati. Fedha za karatasi za nchi mbalimbali, kwa rai ya wanazuoni wengi wa zama hizi, ni jinsi mbalimbali kama dhahabu na fedha. Kuzidiana kwa thamani kunaruhusiwa, kuchelewesha hakuruhusiwi, Mtume (S.A.W.) aliweka sharti la mkono kwa mkono. Na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha 6 kilichofanyika Jeddah mwaka 1990, iliamua kwamba kuingizwa kwa fedha katika akaunti ya mpokeaji kunahesabiwa kuwa ni kupokea. Basi wakikaa pamoja, shilingi zikaingia, mama akathibitisha, na lira zikatolewa kabla hawajaachana, muamala wao ni sahihi, inshaallah.

Tatizo huja pale rafiki anaposema, "Wewe tuma leo, lira nitakupa posho ikitoka wiki ijayo." Hapo ubadilishaji umegeuka kuwa wa kuchelewesha, nayo ni riba hata kama hakuna aliyekusudia riba. Njia ipo. Aseme waziwazi: ninakukopesha shilingi kiasi hiki. Deni likawa la shilingi. Siku ya kulipa, wakiridhiana alipwe lira, watumie bei ya siku hiyo ya kulipa, si bei ya siku ya kukopa, wala wasishurutishane tangu mwanzo. Asili yake ni kisa cha Ibn Umar (R.A.) aliyekuwa akiuza ngamia kwa dinari na kupokea dirhamu; Mtume (S.A.W.) alimruhusu kwa bei ya siku hiyo, maadamu hawaachani hali ya kuwa kuna kilichobaki baina yao.

Barua ya pili imetoka kwa kijana wa hapa kwetu. Akaunti ya PayPal ya Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ya kulipia tu, si ya kupokelea, naye ameshauriwa na wenzake afungue akaunti kwa anwani ya nchi asiyoishi. Kijana wangu, anwani hiyo ni uongo ulioandikwa na kutiwa saini. Na hata ukiuacha uongo wenyewe, ambao hauachiki, kampuni hiyo inapotilia shaka akaunti yaweza kuzuia fedha hadi siku 180, na itakapodai kitambulisho utaleta cha nani? Mwombe mteja akulipe moja kwa moja benki. Benki zetu hazina ile namba ndefu ya IBAN wanayoijua watu wa Ulaya na Ghuba; mpe namba ya akaunti, jina lako kama lilivyoandikwa benki, na msimbo wa SWIFT wa benki yako, wenye herufi na tarakimu 8 au 11. Ada yake ni kubwa, nakubali, basi ukusanye malipo ya kazi kadhaa yatumwe pamoja.

Kamati yetu nayo haina haki ya kujisifu. Tulipokea michango ya kisima kutoka kwa waumini walioko nje kupitia simu binafsi ya mmoja wetu kwa muda mrefu, mpaka mchangiaji mmoja alipouliza kwa adabu, "Mhasibu akifariki leo, Mungu amhifadhi, fedha zile ni za mirathi au za kisima?" Hatukuwa na jibu. Wiki iliyofuata tulifungua akaunti ya msikiti yenye watia saini watatu.

Kuhusu mzee wetu, Jumamosi hii baada ya Asri kaka ataleta risiti alizoweza kuzipata dukani na kwa fundi, na dada atakuwa pamoja nasi kwa simu kutoka Maskati. Ameshabadilisha namba yake ya siri. Ile simu ya vitufe imo katika kabati la ofisi, imezimwa, hadi atakapokuja likizo. Kila mwisho wa mwezi nitaiwasha mbele ya imamu ili iwekwe salio laini isifungwe. Mzee alipoinuka kuondoka nilimwandikia hati ya kuipokea, tukatia saini wote wawili, nakala moja akaikunja akaitia katika mfuko wa kanzu.