Pembetatu, Mizani na Uvivu Wetu



Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ndugu wanafunzi na wazazi, mwaka huu tumeona tuseme juu ya jambo ambalo wengi hamkulitarajia katika jarida la madrasa: sentroidi ya pembetatu.

Sababu ni hii. Kijana wetu mmoja alikuja na daftari lake la shule. Pembetatu ilikuwa na pembe kwenye nukta (1,2), (7,2) na (4,8). Alijumlisha 1, 7 na 4, akagawanya kwa 3. Akajumlisha 2, 2 na 8, akagawanya kwa 3. Jibu likawa (4,4), nalo ni sahihi. Tukamuuliza, "Kwa nini 3?" Akanyamaza. Lawama si yake peke yake. Ni sisi walimu tuliowaambia watoto kwa miaka mingi kwamba hesabu ni elimu ya dunia tu. Tulikosea.

Tunagawanya kwa 3 kwa kuwa pembe ni tatu na kila moja ina haki sawa. Huo ni wastani. Chora mstari kutoka kila pembe hadi katikati ya upande unaoikabili: mistari yote mitatu hukutana kwenye sentroidi. Hapa, mstari wa kutoka (4,8) hadi (4,2) una urefu wa 6. Sentroidi iko 4 kutoka kwenye pembe na 2 kutoka kwenye upande, na daima huwa mbili kwa moja. Kata pembetatu ya kadibodi, iweke sentroidi juu ya ncha ya kalamu, nayo itatulia bila kuegemea popote.

Wapo watakaosema, "Hayo yote waligundua Waislamu." Tuwe wakweli. Archimedes, Mgiriki, alithibitisha jambo hili kabla ya Uislamu kuja. Njia ya kueleza maumbo kwa namba aliichapisha Descartes, Mfaransa, mwaka 1637. Tusijitwalie cha wenzetu. Lakini wanazuoni wetu walisoma, kisha wakaongeza. Al-Khazini wa Marw aliandika Mizan al-Hikma mwaka 515 Hijria (1121), akaeleza humo vitovu vya uzito. Al-Khwarizmi alijaza sehemu kubwa ya kitabu chake cha al-jabr kwa hesabu za mirathi na wasia.

Kujisifu kwa kazi yao bila kushika kalamu ni uvivu. Surat Ar-Rahman inatuamrisha kupima kwa uadilifu. Atapimaje asiyejua hesabu? Nani atagawa mirathi yetu kesho?

Wazazi, wapeni watoto muda wa hesabu kama mnavyowapa muda wa kuhifadhi. Wanafunzi, msikariri kanuni bila kuuliza sababu yake. Nasi walimu tunaahidi: daftari la hesabu likifunguliwa madrasani, hatutalikemea tena.

Wabillahi tawfiq.