Rufiji: Bwawa lipo, mpango wa kijiji uko wapi?

Aprili 2024 maji ya Mto Rufiji yaliingia Muhoro na vijiji vingine vya wilaya za Rufiji na Kibiti. Nyumba zilizama, mashamba yakasombwa. Ubishi uliozuka siku zile bado tunausikia: Je, Bwawa la Julius Nyerere ndilo lililoleta mafuriko? Serikali ilisema bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Wananchi wengi walisema maji yalifunguliwa huko juu yakawafuata chini.

Msikilizaji, tuanze na bwawa lenyewe. Lilianza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Mitambo yote 9 inafikisha megawati 2,115. Anayezalisha umeme anataka bwawa lijae. Anayezuia mafuriko anataka libaki na nafasi ya kupokea mvua. Mambo haya yanavutana, na likijaa huku mvua inaendelea, lazima maji yaachiwe. Kwa hiyo swali la maana ni hili: nani anampigia simu mwenyekiti wa kijiji, na siku ngapi kabla? Kutazama mawingu ya Ikwiriri hakutoshi, maana zaidi ya nusu ya maji ya mto huu hutoka Kilombero.

Kila masika tunasikia tangazo la "hameni mabondeni". Kwa maoni yangu hiyo ni nusu ya mpango. Mwaka 1968 na 1969, katika Operesheni Rufiji, serikali iliwahamishia watu sehemu za mwinuko. Wengi waliendelea kushuka bondeni kulima na kulala kwenye madungu, kwa sababu chakula kilikuwa huko. Mpunga ulitegemea maji yale, na yalipopungua watu walipanda mlau kwenye udongo wenye rutuba. Ukimwambia mtu asilale bondeni, mwambie pia shamba lake litabaki la nani.

Hapo kijiji kina nguvu kuliko tunavyodhani. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji hugawa ardhi kwa idhini ya mkutano mkuu. Inawezekana kabisa kumpa mtu kiwanja cha nyumba juu na kumwachia shamba lake bondeni. Ghala na zahanati navyo vikae juu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 nayo inataka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Kamati ikikutana baada ya maji kuingia, kazi yake inabaki kuhesabu magodoro.

Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila miezi mitatu. Ule wa kabla ya masika ndio wa kuuliza taarifa ya bwawani inamfikia nani, na kama viwanja vya kule juu vimepimwa.