Kura ya Beni na kadi ya bariera

Kwenye bariera za barabara ya Beni-Butembo, kitu cha kwanza kinachoombwa ni kadi ya mpiga kura. Ndiyo inayoshika pahali pa kitambulisho cha taifa, katika nchi iliyohesabu watu wake mara ya mwisho 1984. Mama aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni, nyumba ikiungua nyuma yake, anaulizwa: kadi iko wapi? Akikosa, maswali yanageuka: kabila gani, kijiji gani, Mkongomani kweli?

Wanaopima Ukongomani kwa karatasi wamesahau mwisho wa 2018. Tarehe 26 Desemba, siku nne tu kabla ya uchaguzi, CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo, pamoja na Yumbi kule Mai-Ndombe, zitangoja hadi Machi 2019. Kwa Beni na Butembo sababu ilikuwa Ebola na usalama. Lakini masoko yalikuwa wazi na makanisa yalijaa! Wapiga kura zaidi ya milioni 1 walibaki na kadi mfukoni, kadi ile ile ya bariera, na haikuwafaa kitu. Rais akaapishwa tarehe 24 Januari 2019 bila sauti yao.

Wakaaji wa Beni hawakungoja. Jumapili tarehe 30 Desemba walijiandalia kura yao wenyewe: wakapanga mstari, wakanawa mikono kwa ajili ya Ebola, wakatumbukiza karatasi zao, huku wakijua Kinshasa haitazihesabu. Mfaransa Ernest Renan, katika hotuba yake ya 1882 huko Paris, alifananisha taifa na kura inayopigwa kila siku: watu kukubali kuendelea kuishi pamoja, hata kama damu na lugha zao ni tofauti. Beni ilipiga kura hiyo mchana kweupe. Dola ndiyo iliyokataa kuhesabu.

Kuna wanaojibu kwamba kadi inaombwa kwa sababu ADF wanajificha kati ya raia. Hofu hiyo si ya bure. Tangu Oktoba 2014 makaburi yamekuwa mengi mno. Lakini muuaji anaweza kuokota kadi ya aliyemuua. Aliyenusurika ndiye anayebaki mikono mitupu.

Duplikata itolewe bure, hapo hapo familia zinapopokelewa, na ushuhuda wa mkuu wa kijiji au majirani waliokimbia pamoja naye utoshe. Hata askari anaweza kuanza kwa kumpa mama maji kabla ya kumwuliza kabila.