YANAYOCHANUA MASHAMBANI: MAUA YA MVUA ZA VULI



Huko Ulaya wapenda bustani huandikiana barua mwezi wa Mei, kila mmoja akieleza maua yaliyofunguka kwake baada ya baridi kuondoka. Sisi hatuna majira ya namna hiyo. Mstari wa ikweta wapita kusini kidogo ya mji wa Meru, na mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima. Basi mimea yetu haingoji jua lirudi, bali yangoja mvua. Kwa hiyo Mei yao kwetu ni Novemba, mvua za vuli zikiisha kushika, na kwa barua nilizozipokea majuma haya naona ya kuwa si wao tu wapendao kupashana habari za maua.

Nianze na kahawa, kwani ndiyo iliyoleta barua nyingi. Mkulima mmoja wa upande wa Nkubu aeleza ya kuwa mibuni yake imechanua mara tatu, kila mara kidogo kidogo, na jirani amemshauri aing'oe yote, ati mbuni unaochanua ovyo umekwisha nguvu. Namwomba ndugu huyu asishike jembe kwanza. Kichipukizi cha ua la mbuni hufanyika wakati wa kiangazi, kisha hulala usingizi. Mti ukiisha kuona kiu, na mvua ya kutosha ikanyesha, ua huamka. Baada ya siku kama 7 hadi 12 shamba zima huwa jeupe asubuhi moja, na harufu yake ni kama ya asumini. Weupe huo hukaa siku 2 au 3 tu, kisha maua hunyauka na kugeuka rangi ya udongo. Sasa mvua ikija vipande vipande, leo manyunyu, na tena baada ya majuma mawili, vichipukizi navyo huamka kwa zamu. Mti haukukosa lolote. Umeitii mvua.

Hasara yake iko mbele. Maua ya zamu huzaa matunda ya kuiva kwa zamu, na mchumaji hulazimika kuurudia mti uleule mara nyingi, naye kila mara ataka ujira wake. Kwa sababu hiyo yafaa sana mtu aandike kwenye kalenda ya ukutani tarehe ya kila kuchanua. Tunda la kahawa yetu huchukua miezi 7 hadi 9 mpaka kuiva. Maua ya Machi na Aprili ndiyo yanayochumwa Oktoba mpaka Desemba. Haya ya vuli huchumwa kati ya Mei na Julai. Mwenye tarehe zake aweza kujua mapema ni juma lipi atahitaji watu, na fedha za kuwalipa atazitoa wapi.

Tarehe hizo zina faida nyingine, kubwa kuliko hiyo. Ugonjwa wa chulebuni, ule unaoyafanya matunda machanga kuwa meusi na kuanguka, ulionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 1922, na hata leo haujaondoka. Hupenda kuyashika matunda yanapokuwa yakitanuka, yaani tangu juma la 4 hadi la 14 baada ya kuchanua. Asiyejua siku ya ua hawezi kujua siku ya kupiga dawa. Atapiga mapema akapoteza fedha, au atachelewa akapoteza matunda. Wenye SL28 na SL34 na wawe macho hasa. Wenye Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, na Batian ya mwaka 2010, wana nafuu, maana miti hiyo ilizalishwa ili ishindane na ugonjwa.

Na juu ya kung'oa, nina neno moja. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni haikumruhusu Mwafrika kupanda kahawa. Ni katika miaka ya 1930 ndipo ruhusa ilipoanza kutolewa, tena kwa Meru, Embu na Kisii kwanza. Anayeng'oa leo kwa sababu ya bei ana hesabu yake, nami simhukumu. Lakini kung'oa kwa sababu ya maua matatu ni kumwonea mti.

Barua ya pili yatoka Runyenjes. Bibi mmoja alalamika ya kuwa maboga yake yametoa maua ya manjano mazuri mno, na yote yameanguka bila kuacha hata boga moja, naye ashuku jicho la mtu. Bibi, mwache mtu huyo. Mboga wa maboga una maua dume na maua jike katika mmea mmoja, na yale dume hutangulia. Tazama chini ya ua: likiwa na kikonyo kitupu, ni dume, nalo sharti lianguke, likiwa na kiboga kidogo kama kishanga, ni jike. Hilo jike hufunguka asubuhi na kujifunga kabla ya adhuhuri, nalo bila nyuki halizai. Nyuki wakiwa haba, chuma ua dume asubuhi na mapema, ondoa majani yake ya manjano, upake unga wake ndani ya lile jike.

Hapo ndipo niingiapo katika barua iliyonisumbua zaidi. Karani mmoja mwenye mizinga ya magogo upande wa Siakago aandika ya kuwa ameokota nyuki wafu chini ya miti yake kwa viganja viwili, siku moja baada ya jirani kupiga dawa maharagwe yaliyokuwa yakichanua. Asali ile ilikuwa karo ya mtoto ya Januari. Jirani hakufanya kwa chuki. Alitaka kuua wadudu, naye ajua ya kuwa haragwe hujichavusha lenyewe, basi akaona nyuki si mali yake. Kwa maharagwe ana haki kiasi. Lakini huyohuyo ana maboga, na ana miparachichi mitatu. Ua la parachichi hufunguka mara mbili: kwanza kama jike, likajifunga, kisha kesho yake kama dume. Aina ya Hass huwa jike asubuhi, na Fuerte huwa jike alasiri, na wa kuchukua unga toka mti huu hadi ule ni nyuki na wadudu wenzake.

Wapatane hivi. Dawa ipigwe jioni, nyuki wakiisha kurudi, na wala si wakati maua yamefunguka ikiwa yawezekana kungoja. Tena jirani apeleke habari siku moja kabla, ili mwenye mizinga aifunike milango kwa gunia lililoloweshwa mpaka hatari ipite, akiacha hewa ipenye. Huo ni ujirani wa kawaida tu.

Wa mjini nao wameandika. Mijakaranda imemwaga zambarau yake barabarani, na bogainvilea zachanua kama kawaida yake. Aliyetaka kupanda lantana uani kwa ajili ya rangi, simshauri. Ilitoka Amerika kama ua la bustani, nayo sasa ni magugu, na ng'ombe akiila hudhurika. Lile ua la manjano la kando ya barabara, tithonia, lafaa zaidi: majani yake mabichi yakifukiwa ni mbolea, na wataalamu wamelijaribu magharibi ya Kenya na hata huku Chuka.

Mwisho, msomaji wa mji wa Maua aniuliza kwa mzaha mbona kwao, pamoja na jina hilo, mmiraa hauchanui. Huchanua. Ua lake ni dogo, jeupe, tena hukaa kwa vichala, ila mti unaochumwa machipukizi kila mara haupati nafasi ya kulitoa. Akitaka kuliona, aache tawi moja bila kuliuza, kisha atuandikie tarehe.