Mpe Nafasi Alitafute Neno

Je, umewahi kwenda kumwona mgonjwa wa kiharusi ukakuta wageni wamejaa chumbani wakizungumza juu yake kana kwamba hayupo? "Masikini, alivyokuwa mchangamfu!" "Sasa watoto wataangaliwa na nani?" Machozi yakimtoka, mmoja husema, "Hajielewi huyo."

Mara nyingi anajielewa sana. Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, huweza kupoozesha mkono na mguu wa kulia na kumnyima mtu maneno. Lakini kukosa neno si kukosa akili.

Jill Bolte Taylor, mtaalamu wa ubongo wa Marekani, alijua hayo vitabuni kabla hayajampata. Asubuhi ya tarehe 10 Desemba, 1996, akiwa na umri wa miaka 37, mshipa ulipasuka kichwani mwake. Kufika jioni hakuweza kutembea, kusema, kusoma wala kuandika. Mama yake alipofika hospitali, binti hakumtambua; hata maana ya neno "mama" ilikuwa imempotea. Mama huyo hakuanza kulia. Alipanda kitandani, akamkumbatia kama mtoto mchanga.

Huko nyumbani alimwacha alale kadiri mwili ulivyotaka, kwa kuwa ubongo uliojeruhiwa huchoka upesi. Akiamka, walifanya kazi. Hakumwuliza maswali ya ndiyo au hapana, ambayo mtu huyajibu bila kufikiri. Alimtajia vyakula vya mchana: supu, mkate wenye jibini, au saladi ya samaki jodari. Binti alitafuta kichwani maana ya kila kimoja. Jodari hakumkumbuka kabisa. Basi siku hiyo wakala jodari! (Nani kati yetu angekuwa na subira hiyo na chungu kiko jikoni?)

Wako wanaosema kwamba kisichorudi katika miezi sita hakirudi tena. Jill alihesabu miaka minane mpaka akapona, na katika miaka hiyo yote aliendelea kupata nafuu. Si kila mgonjwa atapona kama yeye, na tusimwahidi mtu hivyo. Lakini usimfungie mlango. Akishika kikombe leo ambacho wiki jana kilimponyoka, mwambie umeona.

Akisema, mtazame usoni, zima redio, na usimmalizie sentensi. Usipaze sauti pia. Yeye si kiziwi.

Jambo lingine: karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu hupatwa na huzuni nzito baada ya kiharusi. Hataki kula, hataki mazoezi, anasema heri angekufa. Tafadhali usimwambie kwamba imani yake ni haba. Ni sehemu ya ugonjwa, nayo ina matibabu. Mweleze daktari mapema. Wengine hulia au kucheka ghafula pasipo sababu, nao huona haya mno. Mwambie mgonjwa, na watoto pia, kwamba hilo nalo ni la ubongo.

Nawe unayeuguza, usione aibu kusema umechoka. Akina mama wa kanisani wakija na maua na wimbo, washukuru, kisha mwombe mmoja wao akae kwenye kiti chako mpaka jioni, ukalale.